Bato Inangojea Upepo

Brigadiye Sebarenzi alipanda mu bato wakati ukungu ulikuwa ungali umelala juu ya maji ya ziwa, pale Sake. Ngazi ilikuwa ya kamba, na kwa muntu aliyevaa viatu vya polisi ilikuwa kazi. Kule juu wanafunzi walikuwa wamesimama musitari. Frère Symphorien, mutawa na mwalimu wao, alikuwa anawauliza somo la busole, kile chombo chenye musumari unaotafuta kaskazini, sawa vile jana hakukufa muntu.

— Kaskazini. Kaskazini-mashariki. Mashariki.

Waliitika pamoja, lakini sauti zilikuwa chini. Macho yao yalikuwa kwenye mulango mudogo wa chumba cha vwali, vile vitambaa vikubwa vinavyoshika upepo. Nyuma ya mulango ule njo walikuwa wamemufungia mwenzao Mbonigaba.

Ilikuwa bato ya shule, yenye nguzo mbili ndefu. Ilikuwa imetoka Bukavu ikifuata kando ya ziwa, ikapita Kalehe na Minova mpaka hapa. Njiani wanafunzi walikuwa wanajifunza kushika usukani, kupima vilindi, kusoma mawingu. Wengine walikuwa watoto wa milima ya Masisi, wengine wa pori la Walikale. Jana asubuhi moja wao, Isidore wa Walikale, alikutwa amekufa ndani ya pirogi ndogo ya bato, bila kidonda, na munyama mudogo wa pori kando yake. Kabla ya kufa alikuwa amekunywa maziwa ya Mbonigaba.

Frère alimuvuta Brigadiye kando ya nguzo kubwa.

— Nakwambia mapema. Upepo wa asubuhi ukiamuka, ninafungua vwali, ninapeleka huyu kijana Bukavu, kwa parquet, wale wanaoshitaki watu kwa serikali. Umesikia habari ya barabara?

— Nimesikia.

Habari za kifo zilikuwa zimepitia phonie, ile redio ya mine ya madini, mpaka Walikale. Wajomba wa Isidore walipanda kamiyo, lori kubwa, siku ileile, wakalala Masisi kwa posti ya serikali. Asubuhi hii walikuwa njiani wanashuka.

— Wakimukuta hapa, hawatangojea juge akate kesi, Frère alisema. Na kule Bukavu nako, kwa kesi ya sumu muntu hatoki, unajua mwenyewe.

Sebarenzi alijua. Aliangalia bendera ndogo juu ya nguzo. Ilikuwa imenyongea.

— Basi nipe mpaka upepo.

Mbonigaba alikuwa amekaa juu ya vitambaa vilivyokunjwa. Kamba ilimuzunguka kiuno, imefungwa kwenye pete ya chuma. Alikuwa kijana murefu, mwembamba, na alijaribu kusimama kwa heshima akagonga kichwa juu.

— Kaa tu. Kwenu ni wapi?

— Kitshanga, Papa Brigadiye.

— Munafuga?

— Ngombe, ndiyo.

— Uligombana na Isidore.

Kijana alisugua mahali alipogonga kichwa. Kisha akasema:

— Aliniita ndama. Ziwa likicheza mi natapika, siwezi kuficha. Kila siku, ndama, kuya ukamuliwe. Juzi jioni nilimupiga kofi mbele ya wote. Frère akasema tupatane.

— Mukapatana?

— Mama alikuwa ameshuka kunisalimia hapa, akaniachia kibuyu cha maziwa ya kuganda. Jana, jua bado halijatoka, nilimuona Isidore anaenda kwa pirogi. Nikamwambia, kaka, kunywa, tumalize mambo. Akakunywa mu kikombe yangu. Akasema, mazuri, iko maziwa ya ndama. Akacheka. Akashuka mu ukungu.

— Peke yake?

— Sikuona mwingine. Ukungu ulikuwa mwingi.

— Alikwambia anaenda wapi?

— Hapana. Kushuka bila ruhusa ni kufukuzwa. Nisingemuuliza.

Sebarenzi alifungua kamba kwenye pete, lakini kiunoni akaiacha. Alipokuwa anamutoa inje, kijana alisema polepole:

— Papa, mama yangu naye watamufunga? Ni yeye aliyekamua.

Kibuyu kilikuwa juu ya meza ya karta, ile Frère anayofundishia njia za ziwa. Maziwa yalikuwa yamebaki kidogo ndani. Nzi walikuwa wanatembea kwenye mudomo wa kibuyu, wanaingia, wanatoka, wanapangusa miguu. Sebarenzi aliinama kuwaangalia. Alikaa hivyo wakati murefu mpaka mwanafunzi moja akakohoa.

— Nipe, Papa, Mbonigaba alisema.

Kabla Brigadiye hajajibu, kijana alikuwa ameshakiinamisha. Alikunywa mpaka mwisho, maziwa yakimuteremukia kwenye kidevu. Akageuza kibuyu juu chini ili watu waone.

Wanafunzi walirudi nyuma. Frère alikaa juu ya sanduku.

— Ile ilikuwa ya munganga wa hospitali ya Bukavu, alisema. Ya kupimwa. Ile njo ingekusemea. Sasa nitawapelekea nini?

Mbonigaba alibaki na kibuyu kitupu mukononi, anaangalia huyu na yule.

— Nilitaka muone, alisema.

— Tuone nini? Sumu haikuwa mu kibuyu. Ilikuwa mu kikombe.

Aliyesema hivyo ni Émile, kijana wa kifua kipana, rafiki ya marehemu. Walikuwa wamesoma pamoja tangu udogo, kule kwao kando ya muto Lowa.

— Nani alikwambia mambo ya kikombe? Sebarenzi aliuliza.

— Nilimuona anakiosha.

— Kila muntu anaosha kikombe, Mbonigaba alisema. Frère anatukaripia.

— Wewe nyamaza. Brigadiye iko wa kwenu, munasema luga moja, njo maana umepata mudomo.

Hapo wengine waliangalia chini. Sebarenzi hakugeuza sauti.

— Émile. Isidore alipotoka ulikuwa wapi?

— Nililala. Niliamuka kwa kengele ya maombi.

— Mbonigaba, kikombe ulikiosha wakati gani?

— Palepale. Isidore alikuwa bado anafungua kamba ya pirogi.

— Na wewe Émile ulikiona kikioshwa.

— Labda ilikuwa kisha, Émile alisema. Sijue. Asubuhi iko asubuhi.

Sebarenzi alienda nyuma ya bato, mahali Frère alikuwa ametundika yule munyama aliyekutwa pamoja na maiti. Ilikuwa mboloko, kanyama ka pori kanakolingana na mwana-mbuzi. Aliishusha, akaiweka juu ya mbao. Alipapasa shingo: hakuna alama ya mutego. Alipapasa mbavu na tumbo: hakuna mushale, hakuna mukuki. Alitafuta meno ya imbwa kwenye miguu. Hakuna.

Nzi wazima walikuwa wanarukaruka juu yake. Lakini alipofungua manyoya kwa vidole, chini kabisa, karibu na ngozi, kulikuwa nzi wengine. Hawa walikuwa wamekauka. Walikuwa wamekufa wakiwa wamekaa, mabawa yamekunjwa vizuri.

— Frère, kuya uone.

Frère aliinama, akavaa miwani.

— Nzi wamekufa.

— Wale wa maziwa ni wazima. Walikunywa usiku muzima. Hawa walikaa tu juu ya nyama, wakafa palepale. Isidore mulimukuta namna gani?

— Mu pirogi, imefungwa kwenye jiwe la pwani. Amelala mugongo, kafi chini yake. Mukono wake umeshika muguu wa huyu munyama. Tulihangaika kuufungua.

— Kafi ilikuwa chini ya mugongo?

— Ndiyo.

— Muntu anayepiga kafi akianguka, kafi inabaki mukononi ao inaenda na maji. Hawezi kuilalia. Na kamba ya pirogi, nani aliifunga? Aliyekwisha kufa hafungi kamba.

Frère alitoa miwani tena, akaipangusa na kanzu. Sebarenzi aliwageukia wanafunzi.

— Pirogi ilibaki pwani. Kati yenu nani anajua kuogelea?

Kicheko kidogo kilipita, cha kwanza tangu jana.

— Si huyo ndama, moja alisema. Huyo anaogopa hata beseni.

— Nani basi?

— Isidore. Na Émile. Wale wa Lowa tu.

Kicheko kilikwisha. Émile alikuwa anaangalia mikono yake.

— Frère, Sebarenzi alisema, nataka kushuka pwani na Mbonigaba na Émile. Na wewe mwenyewe uwe nasi. Sitaki kesho waseme nilipanga maneno na muntu wa luga yangu.

Frère aliangalia bendera. Bado ilikuwa imenyongea.

— Kamba isitoke kiunoni mwake.

— Nitaishika mwenyewe.

Walivuka na pirogi kubwa. Mbonigaba alishika pande zote mbili za pirogi, akafunga macho mpaka ikagusa mawe.

Mama Vestine, aliyeosha maiti, alikuwa amekaa na wanawake wengine mbele ya nyumba ya katekista, mahali maiti ilikuwa imelazwa. Alimuangalia Brigadiye kutoka kichwa mpaka miguu.

— Mwana wa Sake. Umekuwa mukubwa mpaka unavaa viatu.

— Vinaniuma, mama. Pole na kazi. Ulipomuosha Isidore uliona nini?

— Nilisema hakuna kidonda.

— Kisogoni?

Mama Vestine alijishika kisogoni.

— Muchanga mweusi. Ule wa mawe ya volkani. Ulikuwa mu nywele na mu kola ya shati. Na visigino vilikuwa vimechubuka vyote viwili. Nilijiuliza, muntu amelala mu pirogi, ule muchanga ameutoa wapi? Pwani hapa iko udongo wa kijivu.

— Hukumwambia muntu?

— Nani aliniuliza? Walikuja wakalia sumu, sumu. Na weye usinitajie mazuku. Najua unaifikiria, weye umezaliwa hapa. Mazuku haikai juu ya maji, upepo wa ziwa unaipeleka.

Watu wa Sake wote wanaijua mazuku. Ni hewa mubaya inayotoka mu udongo na kulala ndani ya mashimo, haina rangi, haina moshi. Mbuzi akishuka mule asubuhi, hapandi tena. Jua likipanda na upepo ukipita, unaweza kupita palepale na hakuna kintu kitakachokupata.

— Haikai juu ya maji, mama, Sebarenzi alikubali. Lakini muntu anaweza kubebwa.

Kule juu, kwenye mizunguko ya barabara inayotoka Masisi, honi ya kamiyo ililia. Ilikuwa mbali, lakini wote waliisikia. Wanawake walisimama, moja moja, wakaanza kuingiza watoto mu nyumba.

— Ni wao, Frère alisema. Brigadiye, turudi mu bato.

— Bado hakuna upepo. Tuende haraka.

Walifuata pembeni ya mawe meusi, ule moto wa volkani ulioshuka mpaka ziwani vita vya pili vya dunia vilipokuwa karibu kuanza, ukapoa ukawa mawe. Sebarenzi alitangulia na kamba mukononi. Mbonigaba alimufuata, kisha Frère. Émile alikuwa nyuma, na hatua zake zilikuwa zinapunguka. Majani yalikuwa na umande. Walipopita miti ya mwisho, ndege waliacha kulia. Kando ya njia kulikuwa panzi waliokufa, kisha ndege mudogo amelala mugongo.

Shimo lilikuwa pana, lenye majani mazuri mabichi, kwa sababu hakuna mufugaji anayelisha pale. Ukungu ulikuwa umejaa chini kama maziwa mu bakuli. Kwenye muteremuko, majani yalikuwa yamelalishwa kwa musitari moja, kutoka chini mpaka juu, sawa mahali pamekokotwa muzigo. Na kule chini, karibu na jiwe, kulikuwa kofia ya buluu ya shule.

— Hiyo kofia ni ya nani? Sebarenzi aliuliza.

— Ya Isidore, Mbonigaba alisema. Aliishona uzi mwekundu.

— Émile, ni ya Isidore?

— Siioni vizuri.

— Ni nani ataniletea?

Émile hakusogea. Alikuwa ameshika shina la muti kwa mikono miwili.

— Nitaenda mimi, Mbonigaba alisema.

Aliangalia Brigadiye kama anaomba ruhusa. Sebarenzi alizungusha kamba kwenye ngumi yake na akatikisa kichwa kukubali. Frère alifungua mudomo, Brigadiye akamuinulia kidole.

Mbonigaba alishuka. Alishuka kama muntu wa milima, kisigino kwanza, bila wasiwasi, mikono ikitafuta majani ya kushika. Ukungu ulimufika kwenye vifundo, kisha kwenye magoti. Aligeuka akauliza:

— Nilete na lile jembe? Naona jembe ya muntu hapa.

— Kofia tu, Sebarenzi alisema. Kamba mukononi mwake ilikuwa imelowa jasho.

Kijana aliinama kidogo ili aone njia. Ukungu ulimufika kwenye mapaja. Alikohoa mara moja, akacheka kwa haya, akapiga hatua ingine.

Émile aliruka. Alipita Frère, akashika kamba mbele ya mikono ya Brigadiye, akavuta kwa nguvu zake zote, na Sebarenzi akavuta naye. Mbonigaba alianguka kichali, akakokotwa juu ya majani mpaka juu, pale pale majani mengine yalikuwa yamelala. Aligeuka kifudifudi, anahema.

— Unaniua kwa nini? Mbonigaba alimuuliza Émile. Nilikuwa karibu kuifikia.

Émile alikuwa amekaa chini. Kamba ilikuwa ingali mukononi mwake.

— Usishuke mule, alisema. Hata kama wakikutuma. Usishuke.

Sebarenzi alichuma majani makavu chini ya jiwe, akayafunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, akayawasha na kiberiti. Yalishika moto vizuri. Alishusha fimbo mu shimo polepole. Mahali ukungu unaanzia, moto ulizimika, bila kupulizwa, sawa vile muntu ameufunika na mukono. Alifanya hivyo tena mbele ya macho ya Frère. Ulizimika tena.

— Sema sasa, Émile, Sebarenzi alisema. Frère anasikia.

— Tulichoka na samaki. Tulitaka nyama. Tukashuka wawili, mi nilikuwa nimeshaingia mu pirogi, nimelala chini, Mbonigaba hakuniona. Nilimusikia anampa maziwa, nikasikia maji ya kikombe. Tulipofika hapa, mi njo niliona mboloko. Ilikuwa imelala kule chini, haina damu. Kwetu ukikuta munyama mu shimo, unashukuru Mungu, unashuka unachukua. Nikamwambia, Isidore, enda wewe, mi nitapokea juu. Akaenda. Akaishika muguu. Akapiga magoti. Nilifikiri anacheza, yeye iko muntu wa michezo. Nikamuchekelea.

Frère alikuwa ameshika rozari bila kuisoma.

— Kisha nikaenda. Nilifunga pumzi kama tunavyozamia mu Lowa, sijue kwa nini, mwili tu. Nikamukokota. Mukono haukuachia munyama, nikawakokota wote wawili mpaka kwa pirogi. Nilitaka kumuleta mu bato. Nikamuita, nikamuita. Halafu nikaogopa. Nikafunga kamba, nikaogelea. Frère alinikuta na nywele za maji, nikasema nimenawa.

— Wangejua ni ajali, Frère alisema. Ungesema ukweli tu.

— Frère, kwetu ukitoka na mwenzako kutafuta nyama, wewe njo unajibu kwa wajomba wake. Hawaulizi ni nini ilimuua. Wanauliza nani alitoka naye. Na mi nilimutuma. Nilimuchekelea. Halafu watu wakaanza kusema maziwa, maziwa. Mi sikuanza. Nilikuta wamekwisha kusema.

— Na kikombe?

Émile alifunika uso.

Honi ililia tena. Mara hii ilikuwa karibu, chini ya mulima, na nyuma yake walisikia sauti za watu wanaoimba kilio ndani ya kamiyo. Juu ya vichwa vyao majani ya muti yalianza kutikisika. Ukungu mu shimo ulipasuka, ukaanza kutembea, na kofia ya buluu ikaonekana wazi, iko hatua chache tu.

— Upepo, Frère alisema. Lakini hakugeuka kuangalia bato.

Sebarenzi alipiga magoti, akafungua kamba kiunoni mwa Mbonigaba. Fundo lilikuwa limekaza kwa kuvutwa, akalipigania na meno. Alipomaliza, aliishika kamba akamuangalia Émile.

— Sitakufunga. Utatembea mbele yangu mpaka kwa katekista. Utawaambia wajomba mwenyewe, mi nitakuwa kando yako na Frère atakuwa kando yangu. Nitawaleta hapa, kesho jua bado, niwaonyeshe moto unavyozimika. Leo, na huu upepo, hakuna kitakachoonekana.

— Kesho ni mbali, Émile alisema. Leo nani atasimama kwa upande wangu? Watu wa kwetu watasema nimemuloga, nimekula kichwa chake.

Mbonigaba alikuwa amekaa akisugua kiuno. Kamba ilikuwa imemuchuna ngozi. Alisimama, akakohoa tena, akatema.

— Nitaenda naye, alisema.

— Wewe wamekuja kukuua, Frère alisema. Bado hawajui kintu. Ukionekana pale kwanza...

— Najua. Lakini wakiulizana nani aliona, ni mimi nilikuwa mule chini. Nitawaambia alinivuta.

Émile hakuinua macho. Mbonigaba alimungojea, kisha akamushika mukono, akamusimamisha, na wakaanza kushuka kuelekea kwenye kilio, upepo ukiwapiga usoni.